Mshika Kamba wa Mbaraki

Kanze alikuwa akipakua uji alipomwona yule mtu mwenye jicho moja, na mkono wake ukasita hewani, upawa ukidondosha matone juu ya meza. Mtu mwenyewe hakumwangalia. Alisogeza bakuli lake, akangoja, na alipoona uji hauji akainua uso. Jicho la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limefumbwa na kovu lililoanzia kwenye nyusi likashuka hadi kwenye shavu, kama mtu aliyeshonwa na fundi mwenye haraka.

"Mama, uji," akasema.

Kanze akampakulia. Akampakulia na waliofuata, watu kumi na wanane kwa jumla, makuli wote wa genge moja la bandarini Kilindini. Kisha akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye leso, akatoka kwenda kumtafuta mumewe.

Ilikuwa Ijumaa, Agosti ya mwaka 1966, na kambi ile ya kanisa pale Mbaraki ilikuwa imefikisha mwaka wa nne. Kazi yake ilikuwa moja. Kila juma lilileta kundi la watu wanaofanya kazi pamoja na hawapatani, wakalazwa kwenye mahema siku tatu juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama maji, wakafundishwa kusaidiana. Waliunda chelezo kwa mapipa. Waliruka ukuta wa mbao ambao hakuna aliyeweza kuuruka peke yake. Siku ya pili walishuka mwamba kwa kamba, mmoja akishuka na mwenzake akiwa ameishika kamba ile juu, na siku ya mwisho Mchungaji Jefwa, mkuu wa kambi, akawasomea Neno na kuwaombea. Mwalimu wa mambo yote hayo alikuwa Crispus Chirau, mume wa Kanze. Kanze alipika. Binti yao Sidi, mwenye miaka minane, alichota maji na kukunja mablanketi, na mara nyingi alilala chini kwenye mkeka kwa sababu kitanda chake kilikuwa kimechukuliwa na mgeni. Walikaa vyumba viwili nyuma ya jiko, wakala baada ya wageni kushiba.

Kanze hakuwa amelalamika. Alikumbuka walikotoka.

Alimkuta Crispus ameketi kwenye jiwe, akikagua kamba shubiri kwa shubiri, akiikunja na kuitazama kama anatafuta chawa.

"Baba Sidi, Ngumbao yuko hapa."

"Nimemwona."

"Umemwona saa ngapi?"

Crispus aliweka kamba chini. "Jina lake lililetwa na mengine juma lililopita."

"Juma lililopita!" Kanze alihisi damu ikimpanda kichwani. "Siku saba unakula chakula changu, unalala ubavuni mwangu, na hukuniambia?"

"Nilikuwa nikiomba nionyeshwe la kufanya."

"Na umeonyeshwa?"

"Kesho, kwenye mwamba, mimi nitashuka wa kwanza kama kawaida. Yeye ndiye atakayenishikia kamba."

Kanze alimtazama mumewe kama anayemwona mara ya kwanza. Miaka tisa iliyopita, wakiwa na miezi mitatu tu ya ndoa, alikuwa amempelekea chakula cha mchana nje ya lango la bandari. Magenge mawili yalikuwa yakigombea meli ya kupakua. Crispus wakati ule alikuwa mtu wa mikono wa serangi mmoja, mkuu wa genge; kazi yake halisi haikuwa kubeba magunia bali kuwatia watu adabu. Kanze alifika na bakuli mkononi akamkuta amemkalia mtu kifuani kwa magoti. Katika mkono wa kulia alikuwa na kulabu ya kuvutia magunia. Aliiona ikipanda, akaiona ikishuka. Alisikia mlio ambao hakuwahi kumweleza mtu yeyote, mlio mdogo, wa majimaji, kisha sauti ya Ngumbao ambayo haikuwa ya mtu mzima wala ya mtoto. Jioni ile alifua shati la mumewe mara nne na maji yakabaki mekundu. Mwaka uliofuata Crispus aliokoka kwenye mkutano wa injili kwao Rabai, akalia mbele ya watu hadi akatapika, na tangu siku hiyo hakumpiga mtu, hata kofi.

"Atakuachilia," Kanze akasema. "Chini pale ni matumbawe matupu. Utachanika kama papai."

"Huenda."

"Huenda? Na Sidi? Na mimi?"

"Nilimtoa mtu jicho, Kanze, na sijawahi kumwambia hata neno moja."

"Basi mwambie! Mdomo unao. Nenda sasa hivi, yuko pale anaosha bakuli."

Crispus alitikisa kichwa polepole. "Atasikia maneno tu. Nataka ajue kwamba nimejiweka mikononi mwake."

"Umejiweka wewe, au umetuweka sote?"

Crispus alichukua kamba akaendelea kuikagua, na Kanze akajua kwamba mazungumzo yameisha. Ndivyo alivyokuwa Crispus tangu zamani. Alipokuwa mkatili hakumwuliza mtu, na alipokuwa mwema hakumwuliza mtu vilevile.

Adhuhuri alishika kikapu akaenda Mji wa Kale kununua viungo. Kule Ndia Kuu, katika nyumba yenye mlango wa nakshi, aliishi Bi Mwanakuu, mama mtu mzima ambaye mama yake Kanze alimfulia nguo kwa miaka ishirini. Kanze alikuwa amekulia kwenye ukumbi ule, akila na watoto wa nyumba sinia moja.

"Ndoo mwanangu, keti," Bi Mwanakuu alisema kwa Kimvita chake, kisha akamtazama usoni. "Una nini? Mbona umesawajika?"

Kanze alimweleza yote. Bi Mwanakuu alisikiliza, kisu cha kukatia tambuu kimetulia mkononi.

"Alimtoa jito?"

"Alimtoa."

"Subhanallahi. Na sasa ataka kujitupa."

"Asema si kujitupa. Asema ni kutubu."

"Kutubu ni kwake na Mola wake," Bi Mwanakuu alisema. "Lakini ule mwili una wenyewe hapa duniani. Kakuuliza?"

"Hakuniuliza."

"Basi kesho usikae jikoni. Nenda ukasimame akuone. Mtu mume akiona mtoto wake yu mbele yake, huenda akili ikamrudi."

Kanze alirudi na bizari na iliki, na shauri hilo kifuani.

Jumamosi jua lilipopanda aliacha maharage motoni, akamshika Sidi mkono, wakaenda mwambani. Makuli walikuwa wamesimama nusu duara. Mchungaji Jefwa alikuwa pembeni, Biblia kwapani, akitabasamu; yeye hakujua lolote. Crispus alikuwa amejifunga kamba kifuani. Aliwaona mkewe na bintiye. Aliwatazama kwa muda, midomo ikimcheza, na Kanze akadhani akili imemrudi. Lakini Crispus aligeuka akawaelekea wale watu.

"Ndugu zangu," akasema, "kabla sijashuka nina neno. Namwomba ndugu Ngumbao asogee."

Ngumbao alisogea, mikono nyuma.

"Mnaliona jicho la huyu ndugu. Mimi ndiye niliyelitoa. Mwaka hamsini na saba, nje ya lango la bandari, nilimlaza chini nikamchoma kwa kulabu. Alinisihi nisifanye. Alinililia, nami nikafanya. Leo nataka yeye ashike kamba yangu."

Kanze hakuwa akimwangalia mumewe. Alikuwa akimwangalia Ngumbao, na kilichompita yule mtu usoni hakikuwa hasira wala huruma. Kilikuwa fedheha. Alitupa jicho kwa wenzake upesi, kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani anavyotazama nani ameona.

Mmoja wao, kijeba, mfupi aliyekomaa, akasema, "Ngumbao, si ulituambia ni waya wa winchi? Ulisema ulikuwa ukimwokoa mtu."

Mwingine akacheka, kicheko kifupi cha puani.

Ngumbao aliketi chini, akapitisha kamba mgongoni, akakita visigino vyake kwenye jiwe. "Shuka," akasema.

Crispus alishuka kinyumenyume. Kichwa chake kilipopotea ukingoni, Sidi alimminya mama yake mkono mpaka kucha zikaingia nyamani. Kanze aliitazama mikono ya Ngumbao. Ilikuwa mikono mipana ya kuli, na ilikuwa ikiachia kamba kidogokidogo, sawasawa kabisa, bila kuharakisha. Jasho lilimtiririka. Mara moja mikono ikasimama. Kamba ikakaza, ikalia juu ya jiwe. Kanze alihesabu pumzi zake mwenyewe, nne, tano, sita. Kisha mikono ikaendelea.

Crispus alifika chini, akapiga kelele kwamba amefika, akapanda tena huku kamba ikimvuta. Alipotokeza alikuwa analia na kucheka. Alijifungua kamba, akapanua mikono, akamwendea Ngumbao kumkumbatia.

Ngumbao alisimama akampiga ngumi ya mdomo.

Meno yaligongana. Crispus alirudi nyuma hatua mbili, karibu na ukingo, akaiacha mikono ubavuni. Ngumbao akampiga tena, ya pua, na damu ikamruka hadi kwenye shati la Mchungaji. Akampiga ya tumbo, na Crispus alipoinama akampandishia goti usoni. Crispus akaanguka. Hakuinua mkono hata kujikinga.

"Jamani! Kwa jina la Yesu!" Mchungaji Jefwa alikimbilia katikati, na Ngumbao akamsukuma kwa kiganja kimoja, naye akaanguka hapohapo na Biblia yake.

"Mshikeni!" Kanze akapiga kelele. "Nyinyi ni wanaume gani? Mshikeni!"

Yule kijeba akasema, "Mwache, mama. Ni haki yake."

Ngumbao alimkalia Crispus kifuani. Alikuwa akizungumza sasa, kwa sauti ya chini, akipiga kati ya neno na neno. "Nani alikutuma. Nani alikutuma useme. Nilikuomba? Nilikuomba mimi?" Alimpiga hadi uso ukapoteza umbo, ukawa kitu cha kuvimba kinachometameta. Kisha akaacha kupiga. Akamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akakibana kwenye jiwe, na dole gumba la mkono wa kulia akaliweka juu ya jicho la Crispus. Akaanza kulisukuma.

Crispus alitoa sauti. Sidi alimsikia baba yake, akapiga ukelele uliokatika katikati.

Kanze hakukumbuka baadaye alivyovuka ile nafasi. Penye kamba palikuwa na nyundo ya mbao ya kupigilia vigingi vya mahema, nzito, kichwa chake kama kinu kidogo. Aliinyanyua kwa mikono miwili akaishusha juu ya mkono wa kulia wa Ngumbao, kati ya kiwiko na kifundo. Mfupa ulivunjika kwa mlio mkavu. Ngumbao akageuza uso, mdomo wazi, bila sauti. Kanze akampiga tena, begani, akasikia kitu kikilegea. Ngumbao alibingirika akalala chali karibu na miguu yake, na lile jicho moja likamtazama.

Kanze akainua nyundo mara ya tatu. Safari hii alilenga kichwa. Alijua analenga kichwa. Ndani yake hapakuwa na hofu wala ghadhabu, palikuwa na utulivu wa mtu anayejua mahali pa kupasua nazi.

Mkono ukamshika kifundo cha mkono. Crispus alikuwa amejiinua kwa magoti, haoni vizuri, damu ikimchuruzika kidevuni, na alimshika kwa nguvu zile za zamani alizokuwa amezizika miaka minane.

"Basi," akasema. "Kanze. Basi."

"Niache!"

"Basi, mke wangu."

Kanze akamuuma. Alitia meno kwenye mkono wa mumewe mpaka akaonja chumvi ya damu, na Crispus hakuachia. Walikaa hivyo, yeye akiuma na mumewe akimshika, hadi vidole vya Kanze vikafa ganzi na nyundo ikaanguka. Ikagonga mwamba, ikaenda zake majini.

Makuli walimpeleka Ngumbao hospitali kwa gari la kambi. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili na bega limeteguka. Jicho la Crispus lilipona, ingawa lilibaki jekundu kwa miezi. Meno yake matatu yaling'oka.

Jumapili baada ya ibada Mchungaji Jefwa aliwaita. Alikuwa mtu mwema na alikuwa ameshtuka. Alisema Crispus ameonyesha mfano ambao yeye hajauona maishani, na atabaki mwalimu. Kisha akamgeukia Kanze, akasema wenye kambi wanataka asimame mbele ya watu aungame, la sivyo haitawezekana apikie wageni tena.

"Nikamwombe nani msamaha?" Kanze akauliza. "Wale waliosimama wakitazama? Nitamwendea niliyemvunja. Wengine sina neno nao."

Alikwenda hospitali siku hiyohiyo na mkate wa kumimina kwenye sahani iliyofunikwa. Ngumbao alikuwa amelala chali, mkono umefungwa plasta hadi begani. Alimwona, akageukia ukuta.

"Nimekuja kukuangalia," Kanze akasema. "Pole kwa mkono."

Ngumbao akauambia ukuta: "Miaka tisa nimewaambia watu ni waya wa winchi. Mke wangu anajua ni waya. Watoto wangu wanajua ni waya, na kwamba niliokoa mtu. Mumeo akaja kunivua mbele ya genge langu. Akasema nilimlilia. Kwa nini aliongeza hilo? Kisha akapanua mikono nimkumbatie."

"Ulipoisimamisha kamba," Kanze akasema, "ulitaka kumwachilia?"

"Nilitaka." Aligeuka akamtazama. "Nikamwona mtoto wako. Nikasema nitampiga tu. Halafu mkono ukaenda wenyewe."

"Najua," Kanze akasema. "Wangu pia ulikwenda wenyewe."

Ngumbao aliutazama mkono wa Kanze, kisha sahani. "Hakukuambia alichotaka kusema?"

"Aliniambia la kamba. Hakuniuliza nataka nini."

"Basi tulikuwa wawili," akasema. Hakusema amemsamehe, wala Kanze hakuuliza. Alimkatia mkate vipande vidogo kwa sababu mkono mmoja haukutosha, akaviacha karibu yake, akaondoka.

Alimkuta Crispus amelala chumbani, kitambaa chenye maji usoni, akamwambia habari ya waya wa winchi. Crispus aliondoa kitambaa akaketi. Alikuwa amevumilia ngumi zote zile bila kulia, lakini sasa akalia.

"Nilidhani nampa kitu," akasema.

"Ulijipa mwenyewe. Ulikuwa na mzigo ukautua kichwani kwake, na sisi tumesimama chini."

Crispus alikaa hivyo mpaka kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyekwenda kupika. Mwishowe akasema neno ambalo Kanze hakuwa amelisikia tangu siku ya harusi.

"Wewe waona tufanye nini?"

"Tuondoke," Kanze akasema. "Leo nakuambia mimi."

Wakaondoka. Bi Mwanakuu aliwapa chumba cha chini nyumbani kwake, Crispus akapata kazi ya useremala kwa fundi mmoja mtaa wa pili, Kanze akawa anapinda leso kwa duka moja la Biashara Street. Crispus alikuwa akienda kwa Ngumbao kila Jumapili. Mara tatu alifukuzwa mlangoni. Mara ya nne aliachwa aketi, na hakuna aliyejua walizungumza nini, wala kama walizungumza.

Lakini Sidi hakumkaribia mama yake. Alikuwa mtiifu, alijibu akiulizwa, ila Kanze alipoinua mkono kuchukua kitu juu ya kabati, mtoto aliinama. Nywele zake alimpelekea Bi Mwanakuu amsuke. Akiota vibaya alikwenda upande wa baba yake, yule mwenye uso wa makovu, akalala hapo. Kanze alijiambia yatapita, na miezi ikapita, nayo hayakupita.

Siku moja alasiri, Kanze akipinda leso barazani, Sidi alikuja akasimama mbali kidogo, mgongo ukutani.

"Mama. Baba asingekushika, ungempiga kichwani?"

Kanze aliweka sindano chini. Kulikuwa na majibu mengi ambayo yangemfaa mtoto wa miaka tisa, na yote yalimjia kwa pamoja.

"Ningempiga," akasema.

"Angekufa?"

"Angekufa."

Sidi alifikiri. Ndani, Bi Mwanakuu alikuwa akiita paka. Mtoto alisogea hatua moja, kisha nyingine, akaketi kwenye ncha ya mkeka, si karibu sana, akaanza kuzichambua nyuzi zilizokuwa zimefungamana.

"Hii nyekundu imeingia kwenye hii," akasema.

"Ivute taratibu," Kanze akamwambia, akaiweka mikono yake mapajani, mahali ambapo mtoto angeiona.